Waimbaji Wachache na Kuta za Kale: Funzo la Uingereza kwa Pwani ya Olumbi

Katika makala hii twakusudia kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana liko mbali na kazi ya mwalimu wa Kiswahili, nalo ni habari za kwaya ndogo za Uingereza ziimbazo muziki wa kale wa nchi ile ndani ya majengo ya kale. Msomaji ana haki ya kuuliza: Olumbi na makanisa ya Uingereza vina uhusiano gani? Jibu letu ni hili. Muziki ule uliwahi kukaribia kupotea kabisa, nao ulipotea kwa namna ambayo watu wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado waijua vizuri: kundi lilitawanyika, na kila mtu akaondoka na sauti yake. Basi namna ulivyokusanywa tena, na yale yaliyoshindikana kukusanywa, ni mambo yafaayo kuchunguzwa na walimu wa pwani hii.

Kwa wasomaji wasiopajua, Olumbi ni makao ya tarafa katika wilaya ya Palma, nchini Msumbiji, kusini ya mji wa Palma na kaskazini ya Mocímboa da Praia. Lugha ya wenyeji wa pwani hiyo ni Kimakwe, ambacho ni ndugu wa Kiswahili. Ukishuka kusini kuelekea Mocímboa na kisiwa cha Ibo utakutana na Kimwani, ndugu mwingine. Na ukipanda bara utasikia Kimakonde na Kimakua. Kiswahili chenyewe chafahamika kwa wengi, kwani Mto Ruvuma hauko mbali, na majahazi hayakuwahi kuuona kuwa mpaka.

Muziki wa kale ni upi?

Tunaposema muziki wa kale wa Kiingereza twakusudia hasa nyimbo zilizotungwa tangu karne ya 15 hata mwanzo wa karne ya 17. Miongoni mwa watunzi wake mashuhuri ni John Taverner, Thomas Tallis, William Byrd na Orlando Gibbons. Nyingi katika nyimbo zao za ibada ni za sauti za watu tu. Na sauti hizo haziendi njia moja kama tuimbavyo wimbo wa taifa. Sauti moja huanza; ya pili hufuata baada ya kitambo kwa maneno yale yale; kisha huingia ya tatu na ya nne. Kila moja ina njia yake, lakini zikutanapo hupatana. Tallis alitunga wimbo mmoja, uitwao Spem in alium, wenye sauti 40 zilizo mbalimbali.

Katika kwaya kubwa mwimbaji dhaifu aweza kujificha nyuma ya mwenziwe. Katika kwaya ndogo hapana maficho. Kila sauti hushikwa na mtu mmoja, wawili au watatu, na akikosea mmoja, wote wasikia. Kwa hiyo jambo la kwanza afundishwalo mwimbaji wa kundi kama hilo ni kuwasikiliza wenzake kabla ya kujisikiliza mwenyewe.

Jambo la pili ni jengo. Makanisa makubwa ya Uingereza yalijengwa kwa mawe, marefu na yenye dari za juu. Sauti ikitoka kinywani haifi mara moja. Huzunguka kutani na kurudi. Watunzi waliijua tabia hiyo, wakatunga kwa kuifuata. Wimbo uliotungwa kwa ajili ya jengo la namna hiyo, ukiimbwa uwanjani, huwa kama maji yaliyomwagwa mchangani. Kinyume chake, ziko nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya chumba cha nyumba ya mtu, zikakusudiwa sauti chache na masikio machache. Mfano bora ni William Byrd, ambaye alitunga za namna zote mbili. Nasi tutaona hivi punde kwa nini ilimlazimu kufanya hivyo.

Namna muziki ulivyonyamazishwa

Baina ya miaka 1536 na 1540 Mfalme Henry VIII alizifunga nyumba zote za watawa katika nchi yake. Nyumba hizo ndizo zilizokuwa zikiwalisha waimbaji wengi. Thomas Tallis alikuwa akifanya kazi katika abasia ya Waltham, na abasia hiyo ilipofungwa mwaka 1540 yeye na wenzake walilipwa wakaambiwa waende zao. Tallis alibahatika kupata kazi penginepo, na hatimaye akawatumikia wafalme na malkia wanne hata alipofariki mwaka 1585. Waimbaji wengine wengi hatuna habari zao.

Mwaka 1549 kitabu kipya cha sala kikaamuru ibada zisomwe kwa Kiingereza badala ya Kilatini. Nyimbo zilizokuwa zimetungwa kwa vizazi kadhaa zikawa hazina tena mahali pa kuimbwa. Hazikukatazwa kwa sababu zilikuwa mbaya. Zilikosa kazi, na kilichokosa kazi hutupwa. Sisi walimu wa lugha twalitambua jambo hili upesi, maana ndivyo maneno na methali zifavyo.

Chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, wale waliobaki na dini ya Kikatoliki walisali kwa siri. Byrd alikuwa mmoja wao, ingawa alikuwa mwimbaji katika kanisa la Malkia mwenyewe. Baina ya mwaka 1592 na 1595 alichapisha misa tatu: moja ya sauti tatu, moja ya sauti nne, na moja ya sauti tano. Vitabu hivyo vilitolewa bila ukurasa wa jina na bila jina la mpiga chapa. Vilikuwa vidogo, na ni dhahiri kwamba vilikusudiwa watu wachache waliokusanyika katika nyumba zao, kama vile nyumba ya ukoo wa Petre huko Ingatestone, katika jimbo la Essex, ambao walikuwa marafiki wa Byrd. Basi udogo wa kundi haukuwa mtindo tu. Ulikuwa njia ya kuendelea kuimba pale ambapo kuimba kulikuwa na hatari.

Pigo jingine lilikuja wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1644 Bunge liliamuru vinanda vya makanisa viondolewe, na kwaya za makanisa makuu zikanyamaza mpaka mfalme aliporejeshwa mwaka 1660. Kwa muda huo wapatao miaka 16 watoto hawakufundishwa. Waimbaji walipoitwa tena, wazee walikuwa wachache na vijana hawakujua lolote.

Kitabu kimoja kikipotea

Sasa twafika kwenye jambo ambalo kwalo tumeiandika makala hii. Zamani zile nyimbo ziliandikwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kitabu kimoja kikubwa kilichowekwa mbele ya kundi zima, na sauti zote ziliandikwa humo, kila moja mahali pake ukurasani. Mfano wake ni kitabu cha Chuo cha Eton, kilichoandikwa kama mwaka 1500, ambacho hata leo kiko chuoni pale pale kilipoandikiwa. Kilikuwa na karatasi 224, na zilizobaki ni 126. Nyimbo zake zilikuwa 93. Leo zapatikana 64 tu, na baadhi yake si kamili.

Njia ya pili ilikuwa kumwandikia kila mwimbaji daftari lake, lenye sauti yake peke yake. Mwenye besi alikuwa na besi tu. Mwenye teno alikuwa na teno tu. Hapakuwa na mtu aliyeshika wimbo mzima mkononi. Njia hii ilikuwa rahisi na ya gharama ndogo, lakini ilikuwa na hatari yake: daftari moja likipotea, nyimbo zote zilizomo katika seti nzima hubaki na pengo.

Hivyo ndivyo yalivyotokea kwa madaftari yahifadhiwayo katika Chuo cha Peterhouse, Cambridge. Yaliandikwa kama mwaka 1540 na mnakili aitwaye Thomas Bull kwa ajili ya kanisa kuu la Canterbury. Yalikuwa matano na yalikuwa na nyimbo 72. Daftari la teno limepotea lote, na la sauti ya juu limepoteza kurasa kadhaa. Nyimbo nyingi zilizomo hazipatikani mahali pengine popote duniani. Kwa karne nne nyimbo hizo zilikuwepo na hazikuwepo: maneno yake yalisomeka, sauti tatu au nne zilionekana, lakini hapana aliyeweza kuziimba.

Mtaalamu Nick Sandon alitumia miaka mingi kuitunga upya sauti iliyopotea, kwa kuzitazama zile zilizobaki na kukisia ni ipi ingeweza kupatana nazo. Kisha kwaya ndogo ya Blue Heron, ya Boston nchini Marekani, ikaziimba nyingi na kuzirekodi. Kazi hiyo ni ya kusifiwa sana. Hata hivyo, mtunzi wa kwanza hawezi kuulizwa kama ndivyo alivyokusudia. Kisio la mtaalamu, hata likiwa zuri namna gani, ni kisio.

Sauti zarudi

Kurudi kwa muziki huu hakukuwa kazi ya siku moja. Tangu mwaka 1901 Richard Terry, mwalimu wa muziki wa kanisa kuu la Kikatoliki la Westminster, London, aliwafundisha waimbaji wake nyimbo za Byrd na Tallis ambazo kwa wengi zilikuwa zimebaki karatasini tu. Baina ya 1922 na 1929 ukachapishwa mkusanyo mkubwa wa vitabu uitwao Tudor Church Music, na hapo ndipo nyimbo zilipopatikana kwa watu wa kawaida.

Baada ya hapo zikaja kwaya ndogo zenyewe. David Wulstan alianzisha Clerkes of Oxenford mwaka 1961. Peter Phillips alianzisha Tallis Scholars mwaka 1973. Na Harry Christophers akaanzisha The Sixteen mwaka 1979. Kundi hili la mwisho, tangu mwaka 2000, limekuwa likizunguka nchini kuimba katika makanisa makuu na majengo mengine ya kale. Wasikilizaji huja hata wasio wa dini ile, kwani jengo waliloliona siku zote likiwa kimya sasa walisikia likisema.

Yafaa tukiri kwamba kilichorudi si kile kile kilichoondoka. Zamani sauti za juu ziliimbwa na watoto wa kiume. Leo katika kwaya nyingi za namna hii zaimbwa na wanawake. Zamani wimbo ulikuwa sehemu ya ibada. Leo mara nyingi ni onyesho ambalo watu hununua tikiti. Lakini mti uliokatwa ukichipua haurudi na matawi yale yale, nasi hatuukatai kwa sababu hiyo.

Pwani yetu wakati ule

Msomaji asidhani kwamba wakati Byrd anachapisha misa zake pwani hii ilikuwa nje ya dunia. Waingereza wa kwanza tuwajuao kufika Unguja kwa meli yao walikuwa watu wa James Lancaster katika meli ya Edward Bonaventure. Walitoka kusini kwa kupitia Ngazija, wakakaa Unguja tangu Novemba 1591 hata Februari 1592. Katika miaka hiyo hiyo ya 1590 mtawa wa Kireno, João dos Santos, aliishi katika visiwa vya Kirimba, kusini ya Olumbi. Kitabu chake kilichochapishwa Évora mwaka 1609 chaeleza desturi za watu wa nchi hizi, na hata ala za muziki alizoziona.

Uimbaji wa Kiingereza wenyewe ulifika pwani yetu baadaye. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini mahali pale pale. Kazi hiyo ilisimamiwa na Edward Steere, ambaye walimu wa Kiswahili wamjua kwa kitabu chake cha lugha cha mwaka 1870. Miongoni mwa watoto waliosomeshwa katika shule za misheni hiyo baada ya kukombolewa walikuwamo Wayao, Wamakua na Wanyasa, yaani watu wa nchi za pande mbili za Ruvuma. Mtoto aliyetolewa bara akiwa mtumwa akaimba zaburi kwa Kiswahili, chini ya dari ya mawe, mahali ambapo watu waliuzwa. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa wimbo na ukuta kukutana kwa uzito kiasi hicho.

Tufo na maulidi

Lakini pwani ya Cabo Delgado ina kwaya zake ndogo, ambazo hazikuletwa na misheni. Tufo ni uimbaji wa wanawake, wapatao 15 au 20, wakisindikizwa na wapigaji wachache wa matari, aghalabu wanne. Huvaa kanga na vitambaa vya kichwa vya namna moja. Mmoja huanzisha, wengine huitikia, na mabega, mikono na shingo huufuata wimbo. Waimbaji hutumia Kimakua na lugha nyingine za pwani, pamoja na Kiarabu na Kireno. Tufo hujulikana sana katika Kisiwa cha Msumbiji, mji wa mawe uliowekwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1991, na kutoka huko imeenea kusini na kaskazini, pwani ya Cabo Delgado ikiwemo.

Jina lenyewe ni somo zuri kwa wanafunzi wetu. Wataalamu wengi husema limetoka katika neno la Kiarabu la tari, ambalo kwa Kiswahili ni dufu. Kimakua hakina sauti ya d kama yetu; basi si ajabu dufu kuwa tufo. Masimulizi mengine husema kwamba tufo iliingia Msumbiji mapema katika miaka ya 1930, na aliyeileta alikuwa mfanyabiashara wa Kilwa aitwaye Yussuf. Ama maulidi, hayo yaliungana na twarika: Shadhiliya ilifika Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1897 kutoka Ngazija, na Kadiriya ikafuata muda mfupi baadaye kutoka Unguja. Maulidi ya Barzanji, yaliyotungwa Madina katika karne ya 18, yalikuja kusomwa tangu Lamu hata Angoche.

Tazama sasa namna nyimbo hizi zilivyohifadhiwa. Hazikuhifadhiwa katika kitabu kikubwa kama cha Eton. Zilihifadhiwa kama madaftari ya Peterhouse, kila mtu na fungu lake: mwanzishaji na maneno yake, waitikiaji na kiitikio chao, mpigaji na mapigo yake. Hapana mmoja aliye na wimbo mzima. Wimbo mzima uko katika kundi likiwa pamoja, mahali pake na siku yake.

Na makundi yametawanyika. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017 si vya kusimuliwa hapa. Viliufikia mji wa Palma tarehe 24 Machi 2021. Watu wa wilaya hiyo walikimbia kwa miguu na kwa mashua, wengine hadi Pemba ya Msumbiji, wengine mpaka ng'ambo ya Ruvuma. Katika mwaka 2022 waliohama makwao katika jimbo zima walikaribia milioni moja. Wengi wamekwisha kurudi, na wengine hawajarudi. Nyumba huweza kujengwa tena kwa miti na udongo ule ule. Lakini mwanzishaji akiwa Pemba, waitikiaji wakiwa Nampula, na mpigaji wa tari amefariki, wimbo wao umekuwa daftari lisilo na teno.

Kazi ya walimu

Kutokana na hayo twaona kwamba walimu wa Kiswahili na wa lugha ndugu zake wana kazi nne.

Kwanza, tunapokusanya wimbo tusiridhike na mtu mmoja. Desturi yetu ya kumkalisha bibi mmoja na kuandika maneno yake hutupatia sauti moja tu. Tumtafute na mwitikiaji, tumtafute na mpigaji, ikiwezekana tuwakutanishe.

Pili, tuandike kama isemwavyo. Wimbo wa Kimakwe uandikwe kwa Kimakwe, wa Kimwani kwa Kimwani. Maud Devos alipochapisha sarufi ya Kimakwe mwaka 2008 alionyesha kwamba lugha hiyo ina taratibu zake kamili. Mwalimu anayeisahihisha ili ifanane na Kiswahili sanifu hufanya kosa la yule ambaye angeitupa teno ya zamani na kutia yake.

Tatu, tuandike mahali na wakati. Waliimba uani, msikitini, barazani au pwani? Ilikuwa harusi, maulidi au jando? Waimbaji wa Uingereza walijifunza kwamba jengo ni sehemu ya wimbo. Ua wa nyumba ya makuti nao ni jengo.

Nne, tuombe ruhusa, na tuwarudishie wenyewe. Ziko nyimbo za unyago ambazo si za kila sikio, na heshima yatudai tuziache. Na zile tulizopewa, nakala ya kwanza iwe ya kundi lililoziimba, kabla ya kuingia katika kabati la shule.

Uingereza ina vyuo vikuu, maktaba na fedha, na hata hivyo teno ya Peterhouse imebaki kisio. Olumbi haina maktaba ya namna hiyo, lakini ina kitu ambacho wataalamu wa Peterhouse wangekitamani sana: waimbaji wengi wa daftari lake wangali hai. Waweza kuulizwa, na waweza kujibu. Basi na waulizwe sasa.